Jina Lako Kwenye Orodha ya Wadaiwa

Dada yangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka kwa mdogo wako mwenye mdomo mrefu na mwandiko mbaya. Natumaini barua hii itakukuta mzima, mgongo umepoa, na ile miguu inayovimba ukisimama sana mbele ya tanuri umeanza kuipumzisha kama nilivyokusihi, ingawa nakujua, hukunisikia. Mimi mwili hauna neno. Nakula, nalala, na kile kikohozi cha msimu wa vumbi kimekwisha. Shemeji mwambie redio aliyonipa bado inazungumza, ila inachagua siku.

Utajiuliza kwa nini nimeandika badala ya kupiga simu. Simu nimeiogopa. Nikisema neno la kwanza ukanikatia, la pili sitapata tena nguvu ya kulisema. Basi nakuomba kitu kimoja: soma mpaka mwisho, hata ukikasirika katikati. Ukimaliza, ichome ukitaka.

Barua yako niliipata Ijumaa. Umesema chama chenu cha akiba kimekunyima mkopo wa tanuri jipya kwa sababu jina lako limo kwenye orodha ya wadaiwa sugu wa mikopo ya chuo. Umesema ulicheka mpaka mhazini akakuletea maji ya kunywa. Wewe, ambaye chuo umekiona kwa nje tu ukipeleka mikate! Halafu ukaacha kucheka, maana anayeuza tanuri atakusubiri hadi mwisho wa mwezi na si zaidi, na lile la zamani limepasuka ubavu, linaunguza mikate upande mmoja na kuiacha mibichi upande wa pili. Ukaniomba mimi, msomi wa ukoo, nikuandikie barua kali ya kuwalalamikia watu wa bodi ya mikopo, yenye maneno mazito mazito, kwa kuwa mbumbumbu kama wewe akiandika mwenyewe watamcheka. Barua uliyoniomba sikuiandika. Nimeandika hii.

Wacha nikueleze mambo ya huku kwanza, maana yote yanakwenda pamoja. Kazi yangu unaijua. Kila asubuhi nachota maji kwenye mabomba sita ya mji, nayatia kwenye chupa, narudi maabara kuangalia kama dawa imetosha na kama kuna vijidudu. Maabara yetu ni chumba kimoja chenye sinki mbili na birika la umeme, na kwa ajili ya hilo birika ndiyo imekuwa baraza la kituo kizima cha maji. Miezi miwili hii baraza lilikuwa na neno moja tu: serikali iwasamehe waliokopa kusoma, au isiwasamehe.

Dereva wa gari la maji hataki hata kusikia. Anasema udereva alijifunza kwa kuosha magari ya watu miaka mitatu bila mshahara, na hakuna aliyekuja kumwambia pole. Leo kodi yake ikalipe deni la mtu anayekaa kwenye kiti cha kuzunguka? Akisema hivyo ananitazama mimi, na kiti changu kweli kinazunguka, ingawa gurudumu moja limevunjika. Mtunza stoo, yeye anakasirika kivingine. Alimaliza kulipa mkopo wake mwaka jana, tena kwa kujinyima hasa. Anasema wakisamehe sasa, basi waliolipa ndio wajinga, na wajanja ni waliokimbia.

Nami, dada, unanijua. Siachi neno lianguke chini. Niliwaambia ada ya chuo inapanda kila mwaka kama mtu anayepanda ngazi bila kugeuka nyuma, na kwamba mtoto wa miaka kumi na tisa kupewa karatasi atie sahihi ya deni la miaka ishirini si mkopo huo, ni mtego. Nilimwambia dereva kwamba maji anayobeba hayaui watu kwa kuwa kuna mtu alisomeshwa kuyapima. Hapo akamimina chai yake, akaniambia nina ulimi wa wakili. Wafanyakazi wakanichagua niende kuwasemea kwenye mkutano wa kutoa maoni, Jumamosi. Yaani siku moja baada ya barua yako.

Nilikwenda nayo ndani ya mkoba. Na nikuambie ukweli, usiku wa Ijumaa nilikuwa nimeshapata jibu la kukupa. Ningekuandikia usubiri kidogo, ni makosa ya kompyuta, yatajirekebisha yenyewe. Mkutanoni walikuwa pia wanaandikisha wanaotaka kusamehewa. Orodha imebandikwa ukutani, unatafuta jina, unaenda mezani unaweka dole gumba, kitambulisho huulizwi, basi. Jina lako lilikuwa la nne kwenye karatasi ya pili. Nililiona kabla sijakaa.

Nilizungumza dakika zangu tatu. Ukumbi ulipiga makofi, dada, mpaka mwenyekiti akagonga meza. Baada yangu akainuka mama mmoja, fundi wa sare za shule, futi ya kupimia bado iko shingoni. Hakupaza sauti. Alisema amesikia wasomi wakitetea wasomi, na si vibaya, deni linaumiza. Kisha akasema: "Mnaosameheana ni nyinyi mlioingia. Binti yangu aliishia mlangoni. Yeye mtamrudishia nini?"

Hakuna aliyepiga makofi. Mwenyekiti alimshukuru, akaita mwingine. Mimi nilikuwa nimeshapanga foleni ya dole gumba, mbele yangu watu wawili tu. Nikatoka kwenye foleni, nikatoka ukumbini, nikakaa kwenye ngazi na mkoba mapajani mpaka mlinzi akaniuliza kama naumwa.

Sasa nakuambia.

Deni hilo si makosa ya kompyuta. Ni langu. Nimesoma kwa jina lako, kwa cheti chako cha sekondari, nikakopa kwa jina lako. Hapa kituoni miaka yote hii wakiniita, wanakuita wewe. Nilizoea mpaka mtu akilitaja jina langu mwenyewe barabarani huwa sigeuki.

Najua unasema cheti gani, mbona mimi nilifeli. Hukufeli, dada. Ulifaulu. Aliyefeli ni mimi.

Unakumbuka matokeo yako yalipotoka ulikuwa umeshapata kazi ya kukanda unga kwa yule mwokaji, na baba alikuwa ameachishwa kiwandani. Hukuweza kuomba ruhusa, akaenda shuleni yeye. Akarudi akasema umeanguka. Ulilia siku mbili, ya tatu ukaamka ukaenda kazini, kwa kuwa mshahara wako ndio uliotulisha. Baba alijua ukienda chuo hatutakula. Ndiyo sababu yake, na simtetei, nakueleza tu alivyonieleza. Mama hakuwahi kujua.

Miaka miwili baadaye zamu ikawa yangu, na mimi nilianguka kweli kweli. Baba akaniita chumbani, akatoa cheti chako chini ya godoro, bado kimo kwenye bahasha ya shule. Akaniambia, "Mwenyewe hakihitaji tena. Jina ni nguo tu. Livae, uende."

Nililivaa. Sikuburutwa. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nilijua kusoma, na nilikisoma cheti chote. Nilitoka chumbani wewe ukanikumbatia ukanizungusha uani kwa furaha kwamba angalau binti mmoja wa baba amefaulu. Ukaninunulia sanduku. Mkopo ulitosha nusu ya gharama, nusu nyingine uliilipa wewe kwa mikate, muhula baada ya muhula. Umejilipia ada, dada, nikasoma mimi. Nikiandika hivi naona aibu, na inanistahili.

Marehemu baba alidanganya mara moja. Mimi nimedanganya kila siku niliyoitika jina lako. Mkopo nao sikuulipa. Nilijiambia nikianza kulipa watataka vitambulisho na alama za vidole, nitajulikana. Kumbe kutolipa kwangu ndiko kumekuja kukubana wewe kwenye chama chako.

Jumatatu nilikwenda ofisi ya mikopo. Dirishani alikuwepo binti mwenye miwani, akaniomba jina la mdaiwa, nikalitaja. Akaniuliza kama ndiye mimi. Nikasema siye. Akaacha kuandika, akaniuliza, "Sasa wewe ni nani?" Nikamtajia jina nililopewa na bibi. Nilichukuliwa alama za vidole, nikaandika maelezo kurasa tano, na mkuu wao akanisomea matokeo bila kunitazama. Deni limetolewa kwako, limehamia kwangu lote. Msamaha ukipita, mimi haunihusu, kwa kuwa nilikopa kwa karatasi za mtu mwingine. Na suala la karatasi limepelekwa kwa wanasheria, huenda nikaitwa mahakamani. Nikatia sahihi kote walikonionyesha. Nilitia kwa jina langu, taratibu, maana nilikuwa nimelisahau linavyoandikwa kwa haraka.

Kisha nikaenda kwa meneja, nikamwambia kabla hajaambiwa. Koti jeupe amelichukua. Mpaka wanasheria waseme, mimi ni kibarua wa kusafisha vichujio, yaani kuingia kwenye bwawa tupu na koleo, kukwangua mchanga mchafu na kuosha. Mikono imechubuka, lakini kazi naifanya na nitaifanya. Jioni dereva alikuja akaniwekea mabuti yake ya mpira mlangoni, akaenda zake. Ni makubwa, nayajaza magazeti.

Ndani ya bahasha utakuta karatasi mbili. Ya kwanza ni barua ya bodi yenye muhuri, inayosema hudaiwi hata senti na hukuwahi kukopa. Mpelekee mhazini wako leo hii, usingoje kesho, tarehe ya tanuri inakaribia. Akileta maneno, mwambie apige namba iliyo chini, nimeijaribu na inapokelewa.

Ya pili ni cheti chako. Kina mkunjo mmoja, wa baba. Sitaki nikusomee, kisome mwenyewe, lakini hesabu na kemia ziangalie kwanza. Nilimwuliza yule binti wa dirishani kama cheti kilichokwisha kutumiwa na mwizi bado kina thamani kwa mwenyewe. Akasema kwa maelezo yangu na alama zako za vidole, kina thamani kamili, na vyuo vya jioni havina kikomo cha umri. Kwenda au kutokwenda ni juu yako. Mimi sina tena haki ya kukupangia hata saa ya kulala.

Msamaha wa deni niliutetea ukumbini kwa sauti ya juu. Wa kwako siuombi. Ukiamua kunishtaki, nitakuja kwa nauli yangu na nitajibu ndiyo kwa kila nitakaloulizwa. Ukiamua usinione tena, nitalia, ila nitakuelewa. Deni nitalilipa, na nusu uliyolipa kwa mikate nitairudisha, hata nikiikwangua kwenye mchanga huu.

Msalimie shemeji, na jirani yako mwenye baiskeli. Watoto wabusu mmoja mmoja. Wakikuuliza barua ndefu hivi inasema nini, waambie mama yao alifaulu.

Ni mimi,
mdogo wako