Cheti cha Daktari wa Macho

Sikonge,
14 Agosti 1951

Kaka yangu mpendwa Dionis,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Kigoma, wewe, wifi na watoto. Sisi tunapumua, lakini nyumbani hakuna furaha. Baba haoni tena.

Ilianza mwaka jana, wakati wa kurina asali. Akawa anajikwaa njiani, anasema kuna ukungu. Nikampeleka Tabora mjini kwa Mzee Mabruki, fundi miwani. Akamjaribishia vioo vingi, na kwa miwani aliyompa Baba aliweza tena kutunga uzi kwenye sindano. Tulirudi tumefurahi, ingawa Mabruki alituambia wazi kwamba yeye hupima namna mtu anavyoona tu. Ugonjwa wa ndani ya jicho si kazi yake.

Februari macho yakaanza kumuuma. Bwana Ngollo, dresa wa zahanati, akayaosha na kumpa dawa ya matone. Naye akasema uwezo wake unaishia juu ya jicho. Akaniandikia cheti: Baba awahi kwa daktari mpasuaji wa macho, ambaye angefika Tabora kwa treni mwezi wa Machi na kukaa siku tatu tu.

Daktari huyo tumemwona juzi, aliporudi mara ya pili. Nilimsihi ampasue Baba. Akasema kama ungekuwa ugonjwa wa mtoto wa jicho angeutoa, lakini haya ni maji yaliyobana ndani mpaka mshipa wa kuonea umekufa, na hakuna kisu cha kuufufua. Kisha, Baba alipokwisha kutolewa nje, akaniuliza taratibu, “Mbona hamkuja Machi?”

Nikainuka nikamfuata Baba nje. Nakujibu wewe. Cheti nilikificha. Baba hajui kusoma. Nikamwambia kwamba Ngollo ameandika aendelee na matone. Unakumbuka Mama aliingia chumba cha upasuaji akitembea, tukarudishiwa maiti. Niliogopa, Kaka, na sikumwuliza mtu. Siku zile tatu nilipalilia karanga, nikiomba zipite.

Baba hajui. Anapapasa ukuta kwenda uani, na mizinga yake iko porini bila mtu. Jana alisema, “Mwandikie kaka yako kwamba umenitunza vizuri.” Nimeandika kama alivyosema. Kinywa changu kimeshindwa kumwambia mengine.

Msalimie sana wifi, wabusu watoto. Hata ukinikasirikia, usiache kumwandikia Baba. Barua zako mimi ndiye ninayemsomea, na lolote utakaloandika, safari hii nitalisoma lilivyo.

Mdogo wako,
Tekla Lugembe