Goti Langu kwa Mzee Kombo

Dada Mwanasiti,

Shikamoo. Hili sijamwambia mtu: naogopa sindano. Ndiyo sababu, nilipoteguka goti hapa Malindi na daktari akataka kulidunga, nilijifanya naamini dawa za kienyeji tu. Shangazi alifurahi mno. Akanipeleka kwa Mzee Kombo, anayewapiga watu chuku, yaani kuwafyonza maradhi mwilini kwa pembe ya ng'ombe. Hakuna aliyeniambia kwamba kabla ya pembe huja wembe.

Nilipoona damu yangu inamwagwa, nilijikaza nikasema, "Mzee, kitabu chetu cha biolojia chasema damu ina chembe za kuponya jeraha. Si afadhali uirudishe gotini?"

"Ukiwa daktari utairudisha, mwanangu. Mimi kazi yangu kuitoa."

Shangazi akacheka. "Kasoma huyu, mpaka damu mbovu aionea huruma!"

Goti likazidi kuvimba, na shule zikifunguliwa nikiwa nachechemea, Juma atachukua nafasi yangu katika mbio za vijiti. Basi leo asubuhi nimekwenda hospitali peke yangu, nikakunja suruali, nikafumba macho, nikadungwa. Wembe uliuma zaidi.

Mola akuhifadhi, wewe na magoti yako yote mawili.

Mdogo wako,
Athumani