Ushauri wa Mama wa Ubatizo

Massachusetts, 6 Aprili

Dada Siranush mpendwa,

Salamu nyingi, na maumivu yako yote niyabebe mimi. Mgongo unaendeleaje? Sisi huku wazima, ila theluji haijaambiwa kwamba ni Aprili. Baba Narek anakusalimu, bado anagombana na televisheni.

Sasa nisikilize. Talin ni mtoto wangu, mimi ndiye niliyemshika siku ya ubatizo wake. Chuo kikuu cha hapa kwetu kina kozi ya kiangazi kwa watoto wa sekondari. Akikaa humo Julai nzima, akalala bwenini, akala chakula chao, watamjua. Akija kuomba nafasi ya chuo chenyewe, watamkataaje mtoto waliyemlisha? Hiyo ndiyo njia, dada, wanaoijua hawaisemi.

Najua atasingizia darasa lake la wazee. Asihofu. Nitamtuma Narek aje akae kwako kiangazi chote, amshikie darasa. Kiarmenia chake kibovu, unakijua, lakini viti anaweza kubeba.

Dada yako,
Mama Narek


Glendale, 2 Mei

Mama Narek wangu,

Hatujambo, mgongo ni uleule, unanikumbusha kwamba sijafa. Barua yako niliisoma jikoni mpaka dolma zangu za majani ya mzabibu zikaungua.

Talin hakutaka kwenda. Aliniambia, "Mama, wazee wangu wana mtihani wa uraia Agosti. Nani atawafundisha kazi za Bunge?" Darasa lile amelianzisha mwenyewe chini ya ukumbi wa kanisa, maswali yote kayaandika kwa Kiarmenia kwa mkono wake, na Bibi Zaruhi humpigia simu hata akisahau jina la mto mrefu wa Marekani. Nikamwambia, kwetu Gyumri neno la aliyekubatiza halijadiliwi. Mtu anaweza kubishana na padri, lakini si na mama wa ubatizo. Akalia, akafunga sanduku.

Basi Narek aje. Kitanda chake kipo na nitamnenepesha mpaka usimtambue.

Dada yako,
Mama Talin


Glendale, 4 Aprili, mwaka uliofuata

Mama Narek,

Habari za siku nyingi? Natumaini nyote wazima. Sisi tunapumua.

Utakuwa umesikia kwamba chuo kimemkataa Talin. Narek amepokelewa, hongera sana. Gazeti la jumuiya yetu limetoa picha yake ukurasa wa mbele: kijana aliyeanzisha darasa la uraia kwa wazee wa Glendale, na chuo kikamchagua kwa moyo huo. Nimelikata, liko mlangoni pa friji. Nalitazama kila asubuhi.

Siandiki kulalamika. Ya Mungu mengi. Nimezungumza na kamati ya kanisa, na tunataka kumfanyia Narek sherehe ya shukrani, Jumapili ya pili baada ya Pasaka. Padri atabariki meza. Gazeti litakuja. Bwana Hovsepyan, aliyesoma chuo hicho na anayewahoji waombaji wa huku kwa niaba yake, amekubali kukaa meza ya mbele. Na wazee wote wa darasa watakuwepo, wamemkumbuka sana mwalimu wao.

Vaa lile gauni la buluu linalokupendeza. Msikose.

Dada yako,
Mama Talin


Massachusetts, 29 Aprili

Siranush,

Sikusalimu. Anayestahili salamu ni mtu.

Ulimsimamisha mwanangu mbele ya umati ule, ukampa chaki, ukamwambia kwa sauti ya asali, "Mwalimu, tufundishe swali moja kama zamani." Ulijua hawezi. Mtoto alisimama anatoka jasho, Bibi Zaruhi akauliza ukumbi mzima ukisikia, "Huyu si yule kijana wa viti? Mwalimu yuko wapi?" Wakacheka. Wewe ulikuwa unamimina kahawa, nilikuona, hata tone halikumwagika.

Na Talin, mwenye moyo ambao hakuurithi kwako, akainuka kumwokoa. Akasimama kando yake akimnong'oneza maneno. Hapo ndipo wazee walipoinuka na fimbo zao wakimpigia makofi yeye, "Mwalimu wetu, mwalimu wetu." Hovsepyan akaweka uma chini. Sasa chuo kimemwandikia Narek, kinataka maelezo.

Mtoto, Siranush. Umemfanyia hivi mtoto. Umeridhika?

Arpine


Glendale, 3 Mei

Mama Narek,

Salamu nakupa, maana nililelewa. Hujambo?

Sikumwekea mwanao uongo mdomoni. Nilimpa chaki tu.

Siku Talin alipokataliwa alijifungia bafuni, akafungulia maji ili nisimsikie. Nikapiga simu chuoni kuuliza, jamani, ile kozi ya kiangazi imemsaidia nini mwanangu? Mama mmoja mpole akanijibu kwamba kozi ni nzuri kwa apendaye kusoma, lakini haimpi mtu nafasi. Wengi huipitia na wengi hukataliwa. Wao hutazama zaidi mtoto amefanya nini huko kwao, kitu chake mwenyewe. Nikakata simu. Kitu chake mwenyewe nilikuwa nimempa mwanao, pamoja na kitanda na mayai ya asubuhi.

Ndipo nikajiuliza swali ambalo hata mjinga angeliuliza mapema. Arpine anaishi karibu na lango la chuo. Narek anapita hapo na baiskeli kila siku. Kama kozi ile ni ufunguo, mbona hakumwingiza mwanawe?

Ulijua. Ulimtoa mwanangu darasani ukamweka wako, na ukaitumia heshima ya ubatizo kunifunga mdomo. Nilikuchukia mpaka nikashindwa kula. Nikatamani nipande ndege nije nikung'oe nywele mbele ya majirani. Kisha nikaona sherehe ni bora. Mchimba kisima huingia mwenyewe, mimi nilikuletea ngazi tu.

Unauliza kama nimeridhika. Bado.

Mama Talin


Massachusetts, 9 Mei

Dada yangu Siranush,

Hujambo? Watoto hawajambo? Sijui nikusalimu vipi.

Ni kweli, nilijua. Narek hakuwa na lolote la kuandika kwenye maombi yake, na watoto wa huku wana kila kitu. Nililitazama darasa la Talin nikalitamani kama mtu mwenye njaa anavyotazama sahani ya jirani. Sikumfikiria Talin. Hilo ndilo kosa langu, na nitalitubu mbele ya kanisa ukitaka, na kwa magoti.

Chuo kimemwandikia Talin kumuuliza nani alianzisha darasa. Mwambie aseme walianzisha pamoja. Neno moja tu, dada. Narek hali, hazungumzi, ameacha baiskeli mvuani. Adhabu yangu nipe mimi.

Dada yako, ukinikubali,
Arpine


Glendale, 30 Mei

Mama Narek,

Natumaini u mzima. Mimi mzima.

Talin alikuja jikoni na barua ya chuo. Hata kabla sijamwambia ombi lako, yeye mwenyewe alitaka kuandika neno lile, "pamoja". Alisema Narek alikuwa mwema kwa wazee, alikuwa akimpandisha Bibi Zaruhi ngazi mgongoni. Alisema kosa si lake, alisukumwa. Nikamwambia, "Ukiandika hivyo, mimi si mama yako." Akachukua kalamu. Kisha akakaa, akaandika ukweli mtupu, akanipa nisome, akautuma.

Kwa hiyo Narek amenyang'anywa nafasi, na unalijua hilo kabla yangu. Talin nafasi hiyo hakupewa. Ataanza chuo cha mjini Septemba. Atakwenda akitokea kwa Bibi Zaruhi, maana wiki ileile alihamisha nguo zake huko, akisema bibi anahitaji mtu wa kumsomea dawa.

Jumamosi nilikwenda kwenye darasa lake. Alinivutia kiti mwenyewe, akakifuta vumbi, akaniambia, "Karibu, Bi Siranush." Vizuri kabisa, kwa adabu zote. Nikakaa nyuma na wazee nikajibu maswali.

Uliniuliza kama nimeridhika. Nimeridhika, Arpine. Naamka nimeridhika, napika kikombe kimoja cha kahawa, nakunywa nimeridhika.

Usinijibu.

Mama Talin