Majibu ya Mto Yamefika, Baba Kulwa

Mpendwa Baba Kulwa,

Majibu ya maji yamefika. Naanza na hilo kwa sababu ndilo uliloliuliza kila gari la ofisi ya maji liliposimama kivukoni, na uliendelea kuliuliza hata ulipokuwa kitandani, huwezi kuketi bila kushikwa. Mambo mengine ya nyumbani yanaweza kusubiri. Kulwa yuko Chato na mumewe. Doto alikuja kwenye arobaini yako, akarudi kazini. Mtama ulitoka wastani. Mimi ni mzima.

Barua hii naiandika wazi, na wengine wataisoma. Wewe ndiye uliyesema kwanza kwamba habari za mto hazikunjwi na kutiwa mfukoni.

Nakumbuka wiki waliyosimika kipimo. Walikuja mafundi wawili na gari, wakachimbia nguzo ya chuma ukingoni, wakafunga ubao mweupe wenye mistari myeusi na namba. Walikuteua wewe kuwa msoma kipimo kwa kuwa nyumba yetu ndiyo iliyo karibu zaidi na kivuko, na kwa kuwa mwandiko wako ulisomeka. Walieleza kazi yenyewe: kutazama maji yamefika mstari gani, asubuhi na jioni, na kupeleka habari ofisini. Kisha wakaondoka. Hawakuwaeleza watu wengine lolote, na hapo ndipo shida ilipoanzia.

Kwa watu wa ukanda huu wa dhahabu, nguzo yenye namba iliyosimikwa na wageni wenye gari ina maana moja tu. Ni bikoni, alama ya mpaka wa machimbo. Mtu amekata leseni, eneo limechukuliwa, na chini yake kuna kitu. Kesho yake ulikuta vijana wameanza kuchimba na sururu kwenye kitako cha nguzo. Wazee nao walikuwa wamesimama juu ya ukingo, wanataka ing'olewe. Mzee Ng'wandu, jirani yetu mwenye ng'ombe wengi, ndiye aliyesema kwa niaba ya wote.

"Baba Kulwa, umeuza mto."

Nilikuwa nimesimama nyuma yako. Nilitarajia ukane, maana mimi ningekana, na kwa maneno mengi. Wewe ulivua viatu, ukakunja suruali, ukaingia majini hadi kwenye nguzo.

"Njoo," ulimwambia. "Weka kidole pale maji yanapoishia. Usome."

"Mimi sijui namba zenu."

"Ng'ombe wako unajua kuwahesabu?"

"Wa kwangu na wa kwako, kama ungekuwa nao."

"Basi hesabu mistari."

Watu walicheka, naye akavua viatu, akaingia, akahesabu kwa kidole. Hakuridhika. Alirudi siku iliyofuata peke yake. Mvua ilikuwa imenyesha huko juu, maji yalikuwa yamepanda, na mistari aliyoihesabu jana haikuonekana tena. Alisimama pale kwa muda, kisha akaja hadi mlangoni kwetu kunywa maji. "Hii si bikoni," alisema. "Sijaona leseni inayopanda na kushuka."

Tangu hapo ukaweka kanuni yako: anayeshuku ndiye anayesoma. Kila asubuhi ulimwita mmoja wa waliofika kivukoni, hasa yule aliyenung'unika zaidi, akavua viatu, akasoma mstari. Wewe uliandika tu, kisha ukatangaza kwa sauti kubwa ili walio ng'ambo wasikie. Wenye ng'ombe wakajua kama wavuke au wangoje. Waliozoea kuvuka kwa kubahatisha wakaacha, mmoja baada ya mwingine.

Mimi sikuipenda sauti hiyo. Nilikwambia kwamba mtu mzima hanadi namba kama anayeuza dagaa, na kwamba ubao mmoja na chaki vingetosha. Ulinijibu kwamba ubao haumfikii aliye ng'ambo. Bado naona ubao ungefaa, kama ungeandikwa vizuri na kuwekwa kila upande. Lakini nakiri kwamba jioni, ulipokuwa ukiosha miguu na mimi nikibangua karanga, nilingoja kusikia kipimo cha siku kabla ya kusikia salamu yako.

"Maji imepanda leo," ungesema.

"Yamepanda."

"Yamepanda, Mwalimu. Kesho yatashuka, na sitakosea tena."

Ulikosea kwa makusudi. Nilijua, nawe ulijua kwamba najua.

Kisha mialo ikaja. Masanja, mdogo wako wa mwisho, alirudi kutoka upande wa Bulyanhulu, ambako alikuwa amefanya kazi katika maduara, yale mashimo ya wachimbaji wadogo, akafungua mwalo wake wa kuoshea dhahabu kwenye kona ya mikuyu, juu kidogo ya kivuko chetu. Tulikuwa tumemlea mtoto huyo. Nilimfundisha kusoma kwa mkaa kwenye kizingiti cha mlango wetu, kwa sababu shuleni alikuwa akikimbia. Tuliposikia karasha lake likisaga mawe tangu alfajiri, wewe ulisema, "Angalau sasa anaamka mapema."

Maji yalibadilika rangi. Si hilo lililokutia wasiwasi. Mto wetu hubadilika rangi kila masika. Uliwauliza watu wa ofisi kuhusu zebaki, ile wanayokamatia dhahabu mialoni. Walikuletea chupa na kukuonyesha namna ya kuchukua maji na mchanga: juu ya kona, kwenye kona yenyewe, kivukoni, na chini yake. Kila chupa uliisuuza kwanza kwa maji ya mahali pale pale kabla ya kuijaza. "Chupa ionje kwanza itakachobeba," uliniambia. Zikapelekwa maabara mjini.

Siku hiyo ndipo ulipotoa ahadi. Wanawake walikuuliza zile chupa zinakwenda wapi, nawe ukawajibu mbele ya wote, "Majibu yakija yatasomwa hapa hapa, kama kina kinavyosomwa." Masanja alikuwepo, ameegemea pikipiki yake. Nawe hukumtazama.

Ulifariki kabla ya majibu. Masanja ndiye aliyeleta ng'ombe wa msiba, tena dume zuri, na ndiye aliyesimamia kaburi hadi mwisho. Naandika hili kwa sababu ni kweli, na kwa sababu linahusiana na yanayofuata.

Karatasi ililetwa na binti mmoja wa ofisi ya maji, mwenye adabu. Alinipa pole, kisha akasema kwamba nakala moja ameiacha kwa mwenyekiti wa kijiji na nyingine ni ya msoma kipimo, lakini hajui sasa msoma kipimo ni nani. Nilimwambia aniachie mimi, nami nitaisoma siku ya mnada, kwa kuwa siku hiyo kila mtu hupita kivukoni. Nilimwomba anieleze kila neno nisilolielewa. Alinieleza.

Jioni ile ile Masanja alikuja. Alikaa kwenye kiti chako, akakumbuka, akahamia kwenye kigoda.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba."

"Nimesikia kuna karatasi."

"Ipo."

"Soma ya kina tu, shemeji. Kina hakina mwenyewe. Zebaki ina mwenyewe."

"Mwenyewe ni nani?"

"Usinipe mtihani. Shule yako nilishaimaliza."

"Hukuimaliza. Ulitorokea kwenye duara kabla ya mtihani."

Alicheka. Unakijua kicheko chake, kinaanza kikubwa na kukatika ghafla. Kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba pale mwaloni wanakula vijana wa nyumba nyingi, wakiwemo wa ukoo wetu, na kwamba karatasi ikisomwa watafukuzwa wote. Akaniuliza ni nani aliyeleta ng'ombe wa msiba wa kaka yake.

"Ni wewe," nilimjibu. "Tulikula na tukashukuru. Majibu yatasomwa siku ya mnada."

"Kaka asingenifanyia hivi."

Nilikaa nikilifikiria neno hilo hata baada ya pikipiki yake kuondoka. Kiangazi kilikuwa kimekolea, maji yamepungua, na wanawake walikuwa wameanza kuchimba visima vyao mchangani, kama wafanyavyo kila mwaka, kivukoni na chini yake. Mchanga ule ule uliouchukua kwa chupa. Ningenyamaza, wangeendelea kuteka hapo mpaka mvua zirudi, wakiamini kwamba asiyeambiwa neno hana la kuogopa. Ukimya wetu ungekuwa umewajibu kwa niaba yako.

Siku ya mnada nilishuka mapema. Watu walikuwa wengi: wenye ng'ombe, wenye mizigo ya viazi, wanawake na ndoo zao. Tulisoma kina kwanza, kwa utaratibu wako. Kisha nikainua karatasi, nikasema kwamba haya ndiyo majibu ya chupa za Baba Kulwa.

Masanja alikuwa nyuma, na mabuti yake ya kazi miguuni. "Karatasi inaweza kuandikwa chochote," alisema kwa sauti. "Na mtu yeyote. Tutajuaje?"

"Unashuku?" nilimuuliza.

"Nashuku, ndiyo."

Sikuwa nimepanga lililofuata. Mzee Ng'wandu, ambaye sasa hutembea kwa fimbo, aligeuka na kumtazama. "Basi wewe ndiye unayesoma. Kaka yako alinivua viatu mimi, mtu mzima, mbele ya wake zangu. Vua mabuti, kijana."

Watu walicheka na kumfungulia njia. Angeweza kukataa, lakini asingeweza kukataa na kuendelea kushuku. Alivua mabuti, akaja, akapokea karatasi mkononi mwangu.

Anasoma vizuri, Baba Kulwa. Mkaa wa kizingitini haukupotea bure. Alisoma juu ya kona: zebaki haikuonekana. Akafika kwenye mstari wa pili, akarudisha kidole mwanzo wa mstari. Nilikuwa kando yake na ningeweza kuichukua karatasi. Sikuichukua. Akasoma kwamba kona ya mikuyu, maji na mchanga, zebaki imezidi kiwango kinachoruhusiwa; kivukoni imezidi; chini ya kivuko imezidi. Maji ya sehemu hizo yasitumike kwa kunywa wala kupikia. Kuyachemsha hakuondoi zebaki.

"Rudia hapo pa kuchemsha," alisema Mama Limi, yule mwenye kibanda cha chai. Alirudia.

"Na hapo kwenye kona pana mwalo wa nani?" Mama Limi aliendelea.

"Mayu, mama yangu, unajua."

"Najua. Nataka kusikia, kama tunavyosikia kina."

Alikunja karatasi, akanirudishia. "Ni wangu," alisema. Kisha akatafuta mabuti yake.

Hakuna aliyepiga kelele. Ng'ombe waliendelea kuvuka, maana mnada haungoji. Wanawake watatu walimwaga maji yaliyokuwa ndooni mwao pale pale mchangani, wakaanza kupanda na mto.

Sitakuandikia yasiyotokea. Mwalo bado upo. Serikali ya kijiji imeitisha mkutano, na Masanja ameahidi kuhamishia madimbwi yake ya kuoshea dhahabu mbali na ukingo. Mpaka leo hajahamisha. Hajaja nyumbani tangu siku ile. Vijana wake wakinipita hunisalimu wakitazama chini. Visima vya kivukoni vimeachwa, na visima vipya vimechimbwa juu ya kona. Ni mwendo mrefu zaidi kwa mwenye ndoo kichwani, na wapo wanaolalamika, wengine wakinitaja mimi. Kipimo nakisoma mimi asubuhi na jioni. Natangaza kwa sauti. Nimeweka pia ubao mmoja kila upande wa mto, na nimeuandika vizuri.

Neno la Masanja, kwamba wewe usingemfanyia hivyo, nimelijibu kwa namna yangu. Chupa ya kwenye kona uliijaza wewe mwenyewe, nawe ulijua mwalo ule ni wa nani. Uliisuuza kama zile nyingine.

Kuna jambo moja la mwisho. Jana asubuhi, nilipokuwa naandika kipimo, mke wa Masanja alishuka kutoka kwao na ndoo kichwani. Alinisalimu, "Mwangaluka, mayu," nikamjibu. Hakusimama. Aliupita mwalo wa mumewe bila kugeuza kichwa, akaendelea kupanda mpaka mahali pasipo na mwalo, akapiga magoti na kuanza kuchota.

Lala salama, Baba Kulwa. Majibu yamesomwa.

Mkeo,
Mama Kulwa