Draiva ya Laptop ya Mama

Kimuli, Kyerwa,
12 Julai 2025.

Mpendwa kaka Dastan,

Shikamoo. Mnaendeleaje huko Mtwara? Wifi Mackrine hajambo, na mafua ya mtoto yamekwisha? Sisi ni wazima, Baba anakula vizuri, na kahawa tunaendelea kuchuma. Salamu nimezifupisha makusudi, maana nina jambo linanichemka moyoni: sauti ya Mama imepatikana!

Unaikumbuka laptop yake kuukuu, aliyokuwa akijirekodia hadithi za watoto wa Sunday school. Tangu tumzike ilikuwa inaishia kwenye skrini ya bluu tu. Fundi mmoja akasema diski imekufa, tununue nyingine, hii tuitupe. Nilitoka pale nimenuna. Nimtupe Mama jalalani?

Nikaamua kuweka Windows upya mwenyewe kwa flashi, bila kugusa mafaili yake. Nikafika mahali pa kuchagua diski: hakuna hata moja. Ila chini yake paliandikwa nipakie draiva. Kaka, niliruka! Kumbe diski huenda ni nzima, ila haionekani mpaka ipate draiva yake, yaani programu ndogo ya kuitambulisha. Mbio nikamwambia Baba kwamba tukipata draiva tu, tunamsikia Mama.

Baba unamjua. Akaingia ndani, akapiga simu. Asubuhi yake gari likapiga honi uani: Novatus, yule wa Noah ya Rubwera, shati limepigwa pasi, anauliza, "Mzee, hiyo laptop tunaipeleka wapi?"

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Baba akakasirika. "Si umesema inataka dereva? Huyu ana leseni!"

Basi, kwa kuwa mtandao wa hapa Kimuli ulikuwa umenigomea, nikapanda na dereva wetu hadi Rubwera, kwa Xaveria mwenye duka la stesheneri, niliyesoma naye. Draiva ya kwanza tuliyopakua ilikataa. Ilikuwa ya laptop ya toleo jingine. Nilitaka kulia. Ya pili niliibonyeza nimefumba macho. Xaveria akanipiga bega. Diski hiyo hapo! Mafaili yote yamo! Tulipiga vigelegele hadi wateja wakauliza nani anaolewa. Tukanakili kwanza hadithi zote, Windows ikafuata baadaye.

Jana mchana nikamwekea Baba ile ya sungura. Mama anasimulia, anaigiza sauti, mara anakatiza na kupaza sauti kama alivyozoea: "Baba Dastan, kahawa inanyeshewa!"

Kaka, Baba aliinuka. Alitoka mbio mpaka kwenye majamvi, akasimama pale na jua kali, kahawa imekauka vizuri miguuni pake. Sikuthubutu kumfuata. Aliporudi alikaa, akafuta machozi bila kujificha, akasema, "Irudishe pale aliponiita."

Flashi yako yenye hadithi zake iko humu ndani ya bahasha. Isikilize ukiwa umekaa, na wifi awe karibu.

Msalimie sana wifi, mbusu mtoto, na dada Eugenia ukimpata kwa simu mwambie nakala yake ipo. Mungu awafunike kwa mkono wake, awajalie kazi na afya.

Ni mimi mdogo wako ninayekupenda,
Jovitha