Dodoki na Mlango wa Dereva

Baba yangu,

Kamwene. Nakuandikia kutoka kibarazani kwako hapa Mlandege, Iringa, siku moja baada ya harusi ya Yusta, na nimekukasirikia. Mama ameniambia niache kukusemasema, kwamba mtu akishazikwa aachwe apumzike. Sawa, nimeacha kusema. Sasa naandika.

Ulimwahidi Yusta, tangu akiwa sekondari, kwamba siku ya kuolewa kwake ataenda kanisani na gari lako la bluu, na litang'aa mpaka ajione uso kwenye boneti. Uliahidi mezani, sote tukisikia. Halafu mwaka jana ukatutoka, ukaniachia mimi gari na ahadi yake. Mdogo wangu alipopata mchumba hakuniuliza habari za keki wala ukumbi. Alinipigia simu Mbeya akasema anataka gari la baba tu, na ling'ae kama baba alivyosema. Nikamwambia aondoe wasiwasi, hiyo ndiyo kazi yangu.

Kazi yangu, ambayo wewe uliwatangazia watu wa kanisani kuwa ni kampuni, wakati ni banda la mabati lenye mpira wa maji na mashine za kung'arishia rangi za magari. Jumatano nilipanda basi nikiwa na ile mashine ndogo kwenye begi, ile ambayo pedi yake haizidi kiganja, maana kona za gari lako nazijua. Unaikumbuka. Ulipokuja kunitembelea uliishika, ukaiwasha, ukaizima, ukasema, "Hili ni dodoki tu, Beno, ila linakula umeme." Wateja walicheka. Mimi sikucheka sana.

Maana dodoki ndilo lililonitesa. Madodoki yalitambaa kwenye uzio wetu miaka yote. Tuliyakausha, tukayamenya, tukakung'uta mbegu, tukaogea, mama akaoshea vyombo. Hayo yote sina neno nayo. Lakini wewe, kila Jumamosi ukirudi kutoka Mafinga na vumbi la mbao nyweleni, ulikuwa unakunja suruali, unachukua dodoki na sabuni ya unga, unalisugua gari. Duara, duara, duara, kuanzia boneti mpaka buti, huku ukiimba sauti ya besi peke yake, kiasi kwamba mpita njia asingeweza kujua ni wimbo gani. Jumapili gari lilifika kanisani safi, na juani lilionekana kama limefunikwa na utando wa buibui. Kila duara la dodoki lilikuwa limeacha mkwaruzo wake, mwembamba kama unywele, na rangi ya bluu iliyokolea haifichi kitu.

Nilikubembeleza, baba. Nilikuletea sponji laini na ndoo mbili, moja ya sabuni na moja ya kusuuzia mchanga. Nilipokuja tena nikakuta ndoo moja imelowekwa maharage, ya pili wananywea kuku, sponji sikuiona. Nilipouliza ukasema dodoki halijawahi kukukosea.

Basi nikakufanya somo. Kila mteja aliyeniletea gari lenye utando wa namna ile nilimsimulia habari zako: mzee wangu Iringa aliua rangi ya gari zima kwa dodoki. Wanacheka, halafu hawasahau, wanaacha kuosha magari yao kwa brashi za kufulia. Nina hadithi nyingine ninayoisimulia kwa kujisifu, kwamba mimi nilianza kuosha magari kabla sijaanza darasa la kwanza. Nililiosha gari la baba peke yangu, akarudi kutoka Mafinga, akalitazama, akaniambia, "Umejitahidi, mwanangu. Sasa tumalizie pamoja." Hadithi zote mbili nilizisimulia siku moja, na wewe mwenyewe ulikuwa umekaa pale bandani kwenye benchi na soda mkononi. Ulicheka na wateja kwa zote mbili. Ukaomba soda nyingine.

Alhamisi asubuhi nikaanza. Nililiosha inavyotakiwa, nikafunika raba na kingo kwa tepu ya karatasi, nikalisogeza kwenye kivuli cha ukuta kwa sababu juani kampaundi, ile dawa ya kusugulia rangi, inakauka kabla haijafanya kazi. Nilikwenda kipande kwa kipande, kila kimoja ukubwa wa daftari, mashine taratibu, kwenda na kurudi, kisha kukatisha, kufuta, kumulika kwa tochi. Umeme ukakatika mara mbili. Nikakaa kwenye kigoda na mashine mapajani, nimenuna, nikikuhesabia Jumamosi zako zote. Lakini kufikia mchana boneti ilikuwa imetoka. Bluu ile sijaiona tangu utotoni. Yusta alikuja akainama, akajiona.

Maduara yako yalitoka kirahisi kuliko nilivyotegemea, na ndivyo nilivyozidi kukusema. Nilikusema kwa sauti, huku nafuta, mpaka mama akawa anagonga dirisha la jikoni kunitaka ninyamaze.

Kisha nikafika mlango wa dereva. Maduara yakatoka kama kwingine, ila chini yake ikabaki mikwaruzo mingine ambayo sijawahi kuiona. Iliyonyooka, juu chini, juu chini, imeingia ndani, imesongamana, na mingi ilikuwa inaishia usawa wa kitasa. Nikabadilisha pedi, nikaweka kampaundi kali zaidi. Haikutikisika. Nikapita tena, pedi ikaanza kutoka na bluu. Nikazima mashine pale pale. Wewe hukujali mambo haya, lakini fundi yeyote akiona rangi kwenye pedi anajua ule ute wa juu unaolinda rangi umekwisha; ningepita mara moja zaidi, Yusta angeenda kuolewa na gari lenye kidonda. Nikapaza sauti, nikauliza, sasa hapa mzee alitumia nini, msasa?

Mama akatoka jikoni na mikono imelowa. Akautazama mlango, akanitazama mimi.

"Huo siyo wa baba yako," akasema. "Huo ni wewe."

Akanieleza akiwa amesimama, bila haraka. Gari lilikuwa na wiki tatu tu tangu ulinunue. Mimi nilikuwa nimemwona yeye kila siku nyuma ya jiko akisugua masufuria kwa mchanga na majivu mpaka yanameta, nikaona gari nalo ni chombo kama chombo kingine. Nikachota mchanga wake kwenye kopo, nikaanza na mlango wa dereva kwa sababu ndio ulionitazama. Alipotoka alinikuta nimelowa mpaka kifuani, nacheka. Akaenda kukata fimbo. Wewe ukaingia getini wakati anarudi nayo.

Mama anasema ulisimama kidogo, ukavua koti, ukamwambia maneno ambayo hajayasahau: "Mama Beno, ukimchapa leo, hatagusa tena kitu changu." Kisha ukaomba dodoki. Ukasugua mlango ule duara duara juu ya michirizi yangu mpaka ikafifia. Mlango ukawa tofauti na milango mingine, ukasugua na milango mingine. Boneti nayo ikabaki peke yake inang'aa, ukaisugua. Na ili mlango usije ukajitenga tena, ukaendelea kila Jumamosi.

Baba, sijui nianzie wapi. Nani anaharibu gari zima ili mlango mmoja usione aibu? Gari jipya kwako, la wiki tatu, ulilolisubiri miaka yote ya kulala kwenye vibanda vya Mafinga. Kulikuwa na mafundi rangi mjini. Ungenificha jambo hilo utotoni, sawa, nakubali, lakini nilikuwa na miaka thelathini na tano pale bandani nikiwachekesha watu juu yako. Ungeniita pembeni. Ungesema tu, "Beno, ule mlango." Maneno matatu. Badala yake ukaomba soda ya pili, ukaniacha niendelee kukuaibisha kwa wateja niliowajua na nisiowajua, miaka na miaka, na ningeendelea mpaka nife kama Yusta angeolewa na mtu mwenye gari lake.

Nimekasirika kwa sababu siwezi kukuomba msamaha ukanijibu. Hilo ndilo, basi.

Nilikaa na ule mlango Ijumaa nzima. Kulikuwa na njia ya kuupiga rangi, fundi mmoja hapa mjini alikuwa tayari. Mama alikuwa anapitapita tu. Yusta akaupitisha mkono juu yake, akasema, "Kaka, uache." Nikaupaka nta kwa kitambaa, kwa mkono, nikauacha.

Jana gari lilifika kanisani liking'aa vile ulivyoahidi. Yusta alishuka, watu wakapiga vigelegele, na kweli alijiona kwenye boneti kabla hajaingia. Mimi nilikuwa nimebaki kwenye usukani. Nilipofungua mlango ukaingia juani, na mzee mmoja wa kwaya, uliyeimba naye besi, akauona. Akaugonga kwa kidole, akageukia wenzake.

"Marehemu na dodoki lake," akasema. "Tazameni alivyoukwangua."

Wakaanza kucheka, wakanitazama mimi niongezee, maana hadithi yangu imefika mpaka huku. Ningeweza kuongezea. Naijua vizuri kuliko mtu yeyote.

Nikasema, "Hapana, mzee. Huo niliukwangua mimi."

Wakaacha kucheka. Mzee akasubiri, labda akidhani natania, nami nikawaeleza yote, mchanga, kopo, fimbo, dodoki. Nilichelewa kuingia ibadani kwa ajili yako. Mama alikuwa amenishikia nafasi, akanisukumia kitabu cha nyimbo bila kuniuliza.

Kesho narudi Mbeya. Madodoki yamezaa mno mwaka huu, mama amenifungia mawili makavu kwenye gazeti. Nitayatundika bandani juu ya benchi uliyokalia. Hayatagusa gari la mtu, hapo sijabadilika. Ila mteja akiuliza ya nini, nitamwambia habari zako upya, kuanzia mwanzo wake.

Lala, baba. Ulikaidi mno.

Mwanao aliyeukwangua mlango,
Beno