Mwendo wa Mpeleka Barua

Jumatatu, 4 Machi

Leo nimepimwa mwendo. Si presha, si sukari — mwendo. Binti wa mazoezi pale kliniki (namwita hivyo, ingawa ana vyeti ukutani) amebandika plasta mbili sakafuni kwenye korido, mita kumi kati yake. Nianzie nyuma ya plasta ya kwanza, nisisimame mpaka nimeivuka ya pili. Kule kuanza na kule kusimama hatuhesabu, mzee. Nimekwenda mara tatu na mkongojo wangu. Sekunde ishirini na moja. Kumi na tisa. Ishirini. Akajumlisha, akagawa kwa tatu, akatafuta wastani. Nusu mita kwa sekunde.

Miaka thelathini na miwili nimepeleka barua kwa miguu. Pale posta waliniita Mshale. Mbwa wa mitaa mitatu walikuwa wakinikimbiza na hawanipati. Halafu nyonga ivunjike kwenye ngazi za nyumba yangu mwenyewe, nikiwa na ndala!

Akauliza kama kuna mahali nataka kufika. Nikasema dukani.

Mwongo mimi.

Jumatano, 6 Machi

Mvua. Sijatoka. Nimekaa na kalamu nikipiga hesabu.

Mwenzangu ana mwezi wa kumi na nne kwa dada yake. Alikwenda kumuuguza macho, wiki mbili alisema. Macho yamepona zamani. Hakuna aliyetamka kuachana, hakuna karatasi. Hakurudi tu. Nilipolazwa alikuja mara mbili, akanimenyea machungwa, akanikunjia shuka, akaenda zake. Siku ile anaondoka hapa alisema neno moja tu, bila hasira: amechoka kuutazama mgongo wangu barabarani.

Sikumwelewa. Nilidhani ni maneno ya kutafuta sababu.

Basi hesabu. Kutoka hapa hadi sokoni ni mita mia tisa. Najua, ilikuwa njia yangu. Mimi dakika tisa. Yeye dakika kumi na tano, kila Jumamosi. Maana yake mimi mita mia kwa dakika, yeye sitini. Dakika sita nilikuwa nasimama kwenye lango la soko nikitazama saa, na akifika namwonyesha saa.

Leo mimi ni mita thelathini kwa dakika. Nusu yake.

Kitanda kikubwa sana hiki.

Jumamosi, 9 Machi

Nimemwomba fundi baiskeli wa hapa chini anipimie njia ya hadi kwa shemeji, dada wa mwenzangu. Amefunga kitambaa chekundu kwenye spoku, kila kitambaa kikifika chini ni mzunguko mmoja, mita mbili na sentimita kumi. Akaondoka akiisukuma baiskeli yake na kuhesabu kwa sauti kama kichaa. Amerudi baada ya saa nzima na ushee. Mizunguko mia tisa hamsini na tatu. Kilomita mbili, mita moja juu.

"Na nimemkuta shemeji yangu nje anaanika," akasema. Yaani mke wangu.

Nilitaka aendelee bila mimi kuuliza. Hakuendelea, mpuuzi yule, akaanza kufungua kitambaa. Ikabidi niulize.

"Aliniuliza nahesabu nini. Nikamwambia mzee anataka kujua umbali."

"Akasemaje?"

"Akauliza kama siku hizi unakula umekaa, au bado unakula umesimama."

"Ukamjibu nini?"

"Nimjibu nini, mimi nakula na wewe?"

Usiku nimekula nimekaa. Nilivuta kiti kabisa.

Alhamisi, 14 Machi

Sekunde kumi na sita kwa mita kumi. Binti wa mazoezi amefurahi kuliko mimi. Mita elfu mbili kwa mwendo huu ni dakika hamsini na tatu na kidogo. Nimempigia hesabu yangu hapo hapo. Akanitazama — dukani kwenu ni mbali hivyo? Kisha akaniambia korido si barabara.

Jumatatu, 18 Machi

Korido si barabara.

Nimejaribu kwenda duka la dawa. Mita mia nne ishirini. Kwa hesabu yangu dakika kumi na moja na kidogo. Nimetumia kumi na tisa. Nimerudi kwa kubebwa kwenye baiskeli ya fundi, miguu inaning'inia, mtaa mzima unaona.

Nikaenda kliniki nikiwa na hasira, nikamwambia mwendo umeshuka. Amenikalisha. Ulisimama mara ngapi? Nikafikiri. Mara moja kwenye mtaro, kupumua. Mara moja kumpisha mama mwenye mtoto. Mara moja fundi cherehani alinishika mkono, akataka habari zote za nyonga, dakika nne hizo peke yake. Basi, akasema, miguu yako haijapunguza kasi. Ulisimama. Wastani unachukua njia yote na muda wote, na kusimama kumo. Ukitazama jibu tu huwezi kujua ndani yake kuna nini.

Nilimwambia asante. Nikabaki nimekaa kwenye lile benchi lao mpaka mfagiaji akaniomba niinue miguu.

Dakika kumi na tano za mwenzangu. Ndani yake kuna nini? Mtoto wetu alikuwa mgongoni, baadaye akawa anavutwa kwa mkono, kila jiwe analiokota. Kikapu kilikuwa kwake. Mama mkwe wa jirani alikuwa mgonjwa, lazima apite dirishani kumjulia hali. Salamu za watu wote niliowapita mimi bila kuwaona, alizitoa yeye kwa niaba yetu wawili. Labda akitembea alikuwa anatembea sawa na mimi. Labda kunizidi! Sitajua. Sikuwahi kugeuka nyuma nikamtazama anavyotembea.

Namkumbuka uso, sauti, mikono ikiwa na unga. Mwendo wake siukumbuki.

Ijumaa, 22 Machi

Nimemwandikia ujumbe. Nimefuta mara tano. Uliobaki: Jumapili asubuhi nakuja kwa miguu.

Saa nane akajibu. "Barabara kubwa mbovu, wamechimba."

Ndiyo hayo tu. Si usije, si karibu. Nimeusoma kama barua ya rejista.

Jumapili, 24 Machi

Naandikia kibarazani kwa shemeji.

Nimetoka saa moja kamili. Nilishika mkongojo, nikafika njia panda, nikakumbuka ujumbe wake. Nikaacha barabara kubwa, nikapita nyuma, kwenye njia ya ghala. Inazunguka, lakini ni tambarare. Umbali wake sijaupima, kwa hiyo kasi yangu ya leo siijui. Nimesimama mara nyingi. Nimesalimia watu. Mzee mmoja amenipa kigoda chake na hadithi ya ng'ombe wake, yote mawili kwa muda mrefu.

Saa tatu kasorobo nimebisha. Shemeji amefungua, amenitazama mimi, akatazama nyuma yangu.

"Yuko wapi?"

"Nani?"

"Mkeo. Katoka saa moja unusu kukupokea. Hamkukutana?"

Nikamwambia nimepita njia ya ghala. Akashika kiuno.

"Yeye kafuata barabara kubwa. Nilimwambia, si umeshamwonya? Akasema, huyo hasikii, miaka yote hajasikia, atapita huko huko kwenye mashimo aanguke tena."

Akanipa maji. Simu ya shemeji ikalia ndani. Ni simu ya fundi baiskeli, kasema, lakini anayeongea si fundi. Mwenzangu amefika nyumbani kwetu. Yuko pale chini, kwenye banda la fundi.

Namsikia shemeji. Ndiyo, yuko hapa. Peke yake. Hapana, hajaanguka. Kapita nyuma. Nyuma, nakwambia... Ndiyo, kwa sababu ulimwambia wewe.

Sasa ametoka, simu kaifunika kwa kiganja.

"Anauliza abaki huko au arudi huku."

Nimemwomba dakika. Amesimama ananisubiri. Nataka aseme abaki — afungue mlango, akae mle ndani. Lakini nikisema abaki, njia yote ile ni ya kuirudia, mguu umeshavimba, na yeye atakaa anasubiri saa ngapi, na akichoka kusubiri ataondoka tena. Shemeji ameondoa kiganja kwenye simu, anataka jibu.